Mgonjwa wa Akili na Fardhi ya Wote

Ndugu yetu mmoja wa mji huu, mtu wa kazi zake na sala zake, alisimama mwisho wa darsa akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu usiku ule wala usiku wa pili wake. Alisema: "Sheikh, kaka yangu amefariki huko Molo. Mimi nilikuwa nikimpelekea pesa kila mwezi kwa simu, wala haukunipita hata mwezi mmoja. Je, nina dhambi kwa mauti yake?" Waliokuwapo walimwonea huruma, na mmoja wao akamwambia, "Wewe una thawabu, dhambi itoke wapi?" Lakini sisi tulikuwa tumefuatana naye kwenda kuzika, na tuliyoyaona huko yalitufahamisha ya kwamba swali lile lina uzito, na ya kwamba si lake peke yake. Ndipo tukaomba muhula, na haya tunayoyaandika ndiyo jawabu, kwa kadiri ya tulivyofahamu.

Molo ni mji wa bara, katika nchi ya Nakuru, kiasi cha kilomita 50 kuupita mji wa Nakuru wenyewe kwa upande wa magharibi. Ni mahali pa juu na pa baridi, ambapo mtu wa pwani mwezi wa Julai huvaa koti juu ya kanzu na bado akatetemeka. Watu wake hulima viazi na pareto, na kondoo wake wana sifa hata Nairobi. Waislamu huko ni wachache na wengi wao ni watu wa biashara. Marehemu alizaliwa huko kwa mama wa Mombasa aliyeolewa na mfanyi biashara, na maradhi ya akili yalimshika angali kijana, akawa husikia sauti za watu wasiokuwapo, akadhani majirani wanamtilia sumu. Tangu hapo alikuwa mara mzima, mara mgonjwa, kwa muda wa miaka 18.

Walakini hakufa kwa maradhi hayo. Alikufa kwa sukari. Alijikwaa, kidole cha mguu kikafanya jeraha, jeraha likaoza, na alipofikishwa hospitali sumu ilikuwa imekwisha kuingia katika damu. Hapo ndipo alipopimwa sukari kwa mara ya kwanza katika umri wake, na usiku wa tatu akafariki.

Baada ya maziko dada yake aliinua godoro lake akatoa madaftari mawili, yale ya shule ya kurasa chache, na karatasi moja iliyokunjwa. Daftari la kwanza lilikuwa la kliniki ya maradhi ya akili. Mlikuwa na tarehe za sindano yake, kila mwezi, miaka 6, na miezi aliyokosa haifiki mitano. Hakuna pahali palipoandikwa uzito wake, wala sukari, wala damu yake inavyokwenda. Daftari la pili lilikuwa la zahanati. Humo alikwenda mara tatu, akasema ana kiu isiyokatika, anaamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, na nyayo zake zinawaka moto. Mara mbili alipewa vidonge vya maumivu. Mara ya tatu palikuwa na mstari mmoja tu, ya kwamba huyu ni mgonjwa wa akili, arudi kliniki yake. Na ile karatasi ilikuwa ya mganga, imeandikwa kwa zafarani, na ahadi ya kumtoa jini anayemchoma miguu.

Basi tazama, ewe ndugu msomaji. Kliniki ilimpa sindano kwa wakati wake. Zahanati haikumfukuza, ilimwelekeza. Ndugu alipeleka pesa. Dada alipika. Jamaa wa msikiti walimvisha kila Idi. Hata yule mganga, ambaye hatuna neno jema la kumwambia, alifanya alilolijua. Kila mmoja akisimama mbele yako na kuapa kuwa alitimiza lake, hawezi kuambiwa ni mwongo, na mtu yule amekufa kwa maradhi ambayo tone moja la damu kwenye kidole lingeyadhihirisha.

Na sisi? Lau tungeyaacha yetu tungekuwa tumewaandikia wengine hesabu na kuificha daftari yetu. Miaka miwili kabla ya kufariki kwake alishuka pwani kwa harusi, akakaa nasi katika darsa jioni tano au sita. Alituuliza juu ya saumu ya mtu anayetumia dawa, tukamjibu sawasawa kwa mujibu wa madh'hebu, tukamtajia ruhusa ya mgonjwa na fidia, na jawabu lile hata leo hatuoni kosa ndani yake. Lakini jioni zile alikuwa akinywa maji mtungi mzima, kisha huomba mwingine, na mmoja wetu akasema kwa mzaha kwamba watu wa bara wakiiona bahari huitamani. Tukacheka. Naye akacheka pamoja nasi. Tulilijibu swali aliloliuliza kwa ulimi, na lile ambalo mwili wake ulikuwa ukiliuliza mbele ya macho yetu tulilifanya kichekesho.

Jambo hili si la mtu mmoja wa Molo. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba watu wenye maradhi makali ya akili hufa kabla ya wenzao kwa kiasi cha miaka 10 hata 20, na wengi wao huuawa na maradhi ya moyo, sukari, kifua, na mengineyo ambayo watu wengine hutibiwa wakapona au wakaishi nayo. Mwaka 2018 shirika hilo lilitoa mwongozo mahususi juu ya miili ya wagonjwa hawa, kwa kuwa ilionekana ya kwamba waganguzi wa akili huutazama moyo wa mtu wakausahau mwili, na waganguzi wa mwili wakiona jina la wazimu hawatazami tena kitu kingine. Na baadhi ya dawa zenyewe zina lake: zipo zinazonenepesha na kupandisha sukari, kama olanzapini na klozapini, na ipo lithiamu ambayo mwenye kuitumia hana budi apimwe damu, figo na tezi ya shingo kila baada ya muda. Hatusemi hivi ili mtu aziache. Mwenye kuacha dawa kwa kusoma ukurasa huu ametudhulumu sisi na amejidhulumu nafsi yake. Twasema kwamba dawa ya akili huomba jicho la kuuangalia mwili, na jicho hilo huwa halina mwenyewe. Kisha liko dhara kubwa kuliko dawa, nalo ni kwamba mtu akishaitwa mwendawazimu, kila alisemalo huhesabiwa katika wazimu wake. Akisema nyayo zawaka moto, huambiwa ni zile sauti zake.

Sasa turudi kwenye swali. Kila aliyesoma chuoni anajua kwamba faradhi ni namna mbili. Iko fardhi ain, impasayo kila mtu kwa nafsi yake, kama sala tano. Na iko fardhi kifaya, ambayo wakiitenda wa kutosha huwaondokea waliobaki, na wasipoitenda wote huwa na dhambi. Kumuuguza mgonjwa asiyejiweza ni katika hii ya pili, na elimu ya tiba ni hali kadhalika. Imam Ghazali katika Ihyaa aliwalaumu wanavyuoni wa zama zake kwa kuisongamania elimu ya mabishano ya fiqhi na kuacha tiba, hata ikawa iko miji isiyokuwa na tabibu Mwislamu. Na lau angeona misongamano yetu sisi juu ya mambo madogo kuliko hayo, hatujui angeandika nini.

Ugumu ni huu. Vitabu huzungumza juu ya faradhi iliyotendwa na faradhi iliyoachwa. Je, faradhi iliyokatwa vipande, kila mtu akatenda kipande chake, na vipande visikutane? Maiti akioshwa na mmoja, sanda ikakatwa na mwingine, kaburi likachimbwa na wa tatu, lakini asiwepo wa kumchukua kutoka nyumbani kumpeleka kaburini, hatutasema kwamba amezikwa theluthi tatu. Tutasema hakuzikwa, nao wote wataulizwa, kila mmoja na jasho lake mwilini.

Na ajabu ni kwamba kwa maiti jambo hili halitutokei kabisa. Tulipofika Molo saa sita ya mchana baada ya basi la usiku kucha, tulikuta kaburi limechimbwa katika ardhi ngumu ya baridi, sanda tayari, maji yamechemshwa, viti vimeazimwa kwa majirani Wakristo ambao nao walikuja na kuni na viazi, na mtu mmoja ameketi mlangoni na simu akiwajibu walio mbali. Hakuna aliyewapangia. Kila aliyekuja aliuliza neno moja, "Mwenye maiti nani?" akaonyeshwa, akamwendea huyo, akaambiwa la kufanya. Miaka 18 alipokuwa hai hakuna aliyeuliza, "Mwenye mgonjwa nani?" na lau angeuliza, angeonyeshwa kila mtu.

Twadhani hapa ndipo penye kiini. Watu husikia habari za kuunganisha matibabu wakadhani ni jambo la mitambo na maofisi. Mitambo husaidia, lakini asili yake ni jina la mtu mmoja: yule anayejua daftari la kwanza lina nini na la pili lina nini, na ambaye wote wawili, daktari na nesi, wanajua ndiye wa kumwambia. Fiqhi yetu haikuliacha hili. Mali ya mwendawazimu imewekewa walii kwa daraja: baba, kisha babu, kisha aliyeusiwa, kisha kadhi, kwa sababu mali isiyokuwa na jina huliwa. Na wanavyuoni wa Kishafii walipoieleza hidhana, yaani ulezi, hawakuifanya ya watoto tu; walimtia pia mtu mzima aliyeondokewa na akili, kwa kuwa naye hawezi kujisimamia. Sisi tumeishika ile hukumu ya mali, kwani mali ina warithi wenye macho, na hii ya mwili tumeifumbia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Yasemwe pia yaliyoletwa na historia. Mwaka 1910 Waingereza waliweka nyumba ya wendawazimu Nairobi, mahali palipokuwa pametengwa kwa wagonjwa wa ndui, na mwaka 1924 ikaitwa Mathari. Mgonjwa wa Molo na mgonjwa wa Mombasa wote walipelekwa huko, mbali na kila aliyewajua. Ukuta ule ulitenga watu na mji wao, na ulitenga pia kichwa na kiwiliwili: haya yana hospitali yao, na yale yana hospitali yake. Kuta zimepungua nguvu hivi leo, kwani sera ya afya ya akili ya Kenya ya mwaka 2015 hata 2030 yataka maradhi haya yatazamwe pamoja na mengine katika huduma za karibu na watu, lakini ukuta ulio katika fikira haujaanguka. Wapo wapendao kutukumbusha kwamba katika hospitali ya Sultan Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, wenye homa, wenye majeraha na wenye maradhi ya akili walitibiwa chini ya dari moja. Na kwamba Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu kimoja juu ya siha ya miili na siha ya nafsi pamoja, akahoji kwamba kimoja kikiugua huugua na cha pili. Ni kweli yote. Lakini kujisifu kwa mali ya babu, ilhali jirani yetu yu katika mnyororo uani na sisi twausikia mlio wake tukienda alfajiri, ni sifa ambayo twaona haya kuitaja.

Molo ina shida yake zaidi ya miji mingine. Watu wake waling'olewa makwao kwa fitina za siasa mwaka 1992, wakang'olewa tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Na tarehe 31 Januari 2009, pale Sachang'wan, lori la petroli lilipinduka na kuwaka moto likaua watu zaidi ya 100. Hatusemi kwamba mambo hayo ndiyo yaliyomtia marehemu maradhi, kwani yalimshika kabla, na huzuni na hofu si kitu kimoja na maradhi kama yake. Lakini mgonjwa wa namna hii huishi kwa majirani wanaomjua: huyu anajua akianza kutolala ni dalili, yule anajua dawa yake iko wapi. Majirani wakitawanyika, elimu ile hutawanyika nao, wala haiko katika daftari lolote.

Patakuwa na mtu atakayesema kwamba hii ni kazi ya serikali. Naam, ni kazi yake, na haifai kuisamehe. Sheria ya afya ya akili ilirekebishwa mwaka 2022 ikazipa kaunti wajibu wa kuwatibu wagonjwa hawa, na sheria ya afya ya msingi ya mwaka 2023 imeagiza zahanati na vituo vya afya viunganishwe na hospitali moja iwe kama kitovu chao. Wahudumu wa afya wa jamii, wapatao laki moja nchi nzima, waliagizwa mwaka huo huo wapite nyumba kwa nyumba na vipimo vya presha na sukari. Ni mpango mzuri, na mwenye kutaka haki ya mgonjwa wake na auulizie kwa jina lake: nani mhudumu wa mtaa huu, na je, nyumba hii aliiingia, au alipita kwa kuambiwa kuna kichaa? Lakini serikali haiwezi kujua kwamba mtu amekunywa mitungi miwili jioni moja katika darsa. Hilo walijua wenye darsa.

Liko jambo jingine, nalo ni zito kuliko hayo. Dada yake alituambia kwa nini madaftari yalikuwa chini ya godoro. Zamani, maradhi yalipompanda, jamaa walisoma daftari lake, wakajua kwamba ameruka sindano, wakamfunga kamba siku mbili, na ndugu yetu aliyetuuliza swali alikuwa mmoja wa walioshika kamba. Tangu siku ile hakumwonyesha mtu. Basi sisi tunaosema "madaftari yakutane," tufahamu kwamba yeye ndiye aliyeyatenga, na alikuwa na sababu. Kuunganisha habari za mtu bila ridhaa yake ni kumfunga kwa kamba nyingine. Tumepokea kwamba kalamu imeondolewa kwa mwendawazimu hata apate akili. Na maana yake ni kwamba siku anapokuwa na akili zake kalamu yaandika, naye ni mukallaf kama sisi, ana siri yake na ana neno lake. Wengi katika wagonjwa hawa wana siku nyingi za uzima kuliko za ugonjwa. Na siku hizo za uzima ndizo za kumuuliza: siku nitakapokuwa siwezi kujisemea, ni nani unayetaka anisemee mimi kwa ajili yako, na lipi asilijue?

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kwa Anas, habari ya mwanamke aliyekuwa na kitu katika akili yake, akamwambia Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba ana haja naye. Hakumpeleka kwa mwingine, wala hakumwambia aje siku nyingine. Alimwambia achague njia yoyote aitakayo ya mji, naye atakuja, akasimama naye mpaka alipomaliza haja yake. Tumeisoma hadithi hii mara nyingi tukaisherehesha kwa unyenyekevu wa Mtume. Baada ya Molo tumeiona kwa upande mwingine: kwamba njia aliichagua yeye mgonjwa, na mwenye shughuli za umma wote ndiye aliyemfuata. Yule wa kwetu alitembezwa njia tatu za watu wengine, na kila mwisho wa njia palikuwa na mlango wa kumwambia arudi alikotoka.

Tukamjibu ndugu yetu hivi. Imam Nawawi katika Rawdha ameeleza kwamba fardhi kifaya ikiachwa huingia dhambini kila aliyejua akaweza kuitenda, na vile vile asiyejua, ikiwa yu karibu na mahali hapo kwa kadiri ambayo ilimpasa kuchungua. Wewe ulikuwa mbali, hukujua, na ulitoa. Kwa sukari yake hatuoni lawama juu yako. Kwa kamba, iko. Nayo ni haki ya kiumbe, huwezi kumwomba radhi tena, basi mwombee, na usiifiche kwa watoto wako. Ama sisi tulikuwa karibu jioni tano au sita, umbali wa mkeka. Ilitupasa kuchungua, nasi tulicheka. Yule aliyefanya mzaha alikuwapo wakati wa jawabu hili, akainamisha kichwa, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote ndiye anayeishika kalamu hii.

Katika mji wetu tunawajua wagonjwa saba wanaokuja msikitini au wanaokaa barazani mwake. Watano tumewauliza, katika siku zao za uzima, wanataka nani awe mwenye kujua habari zao. Wanne wametaja mtu. Mmoja amekataa, na tumemwacha na neno lake, ila twamuuliza hali kila siku. Wawili bado hatujapata siku ya kusema nao. Wale wanne wamepimwa sukari na presha, na mmoja wao alikuwa nayo sukari, hajui.

Dada wa marehemu alituuliza yale madaftari ayafanye nini, ayachome au ayaweke. Tulimwambia ayapeleke, kila moja lilikotoka, na awaonyeshe wa huku daftari la kule. Kwenye zahanati walimpa pole wakalisoma. Kwenye kliniki palikuwa na watu wengi. Mwenye kuandika hakumpa nafasi ya kusema, alipokea daftari, akatazama tarehe, akamwambia ya kwamba mtu huyu amepitisha siku 4 hakuja kudungwa sindano yake, na kesho asikose.